Namna ya kuyanusuru meno hai pale taya linapokuwa na sisti kubwa

Picha ya eksirei yenye kivuli cheusi kilichomeza ncha za mizizi ya meno matano au sita huwatia watu papara. Wapo wanaoyang'oa meno yote yaliyomo kivulini. Wapo wanaoyatoboa moja baada ya jengine na kuyaziba mizizi, "yasije yakasumbua baada ya operesheni". Mimi ni tabibu wa meno hapa Pemba. Operesheni kubwa sifanyi: mgonjwa wangu hupanda boti kwenda kwa daktari mpasuaji Unguja, kisha hurudi kwangu. Lakini nionavyo mimi, meno mengi huokoka au hupotea kabla ya mgonjwa kupanda boti na baada ya kurudi, yaani mikononi mwetu sisi wa vituoni. Nawaandikia wenzangu khasa. Mgonjwa akiyasoma hayatomdhuru.

Sisti ni mfuko wenye utando laini na maji ndani yake, unaokua polepole ndani ya mfupa. Unavyojaa ndivyo unavyoula mfupa, na mizizi ya meno hubaki imeuegemea ukuta wa mfuko. Kwenye picha mizizi huonekana kama inaelea, mtu akadhani meno yamekwisha. Kumbe mishipa inayoingia kwenye ncha ya mzizi, ambayo kwa jino ni kama kitovu kwa mtoto aliye tumboni, mara nyingi bado ipo. Mfuko ulisukuma taratibu kwa miaka, na mishipa ikasogea nao. Kinachokuja kuikata ni chuma, siku mfuko mzima unapobanduliwa kwa mkupuo mmoja ilhali ncha za mizizi hazina mfupa wa kuzikinga.

Kwa hivyo kazi yote inakwenda kwa mpango huu: ujue jino gani li hai na lipi limekufa, ujue sisti ni ya aina gani, maji yatolewe kupitia dirisha dogo, mfupa uachiwe ukue na kuzifunika ncha za mizizi, ndipo mabaki ya mfuko yaondoshwe. Si njia mpya. Mpasuaji wa Kijerumani Carl Partsch aliieleza mwaka 1892, na mpaka leo madaktari huitaja kwa jina lake.

Kulipima kila jino peke yake

Hapa ndipo ninapokuombeni msiwe na haraka.

Chukua vifuniko vya sindano ambavyo havijatumika, vijaze maji safi, visimamishe kwenye friza. Vikiganda unapata vijiti vya barafu vinavyotosha jino moja moja. Usiviweke kwenye friji ya chanjo; muuguzi wa chanjo atakugombeza na haki itakuwa yake. Friza letu likiharibika mimi humwendea jirani anayewauzia watoto malai, hajawahi kuninyima nafasi. Ukiwa na dawa ya baridi ya kupuliza, tumia hiyo: ipulize kwenye kipamba kidogo, kisha kipamba kiguse jino. Baridi yake ni kali kuliko barafu, na haichuruziki.

Mwambie mgonjwa anyanyue mkono akihisi baridi na aushushe baridi ikiondoka. Hapo utapata majibu mawili kwa mara moja: amehisi au hakuhisi, na hisia imekaa muda gani. Anza na jino zima la upande wa pili wa taya, lile pacha wake, ili wewe ujue jino zima la mtu huyu linajibu vipi na yeye ajue anachosubiri. Kisha nenda upande wenye kivuli. Kausha jino kwa gozi (kitambaa chepesi cha vidonda), weka pamba ubavuni, gusisha baridi kwenye jino lenyewe, si kwenye kiziba wala ufizi. Ukitumia barafu anza na gego la nyuma uje mbele, kwa sababu maji yanayoyeyuka yakifika jino ambalo hujalipima, jibu utakalolipata halitokuwa la jino unaloligusa. Vuka kivuli kwa meno mawili kila upande.

Baridi ikimchoma na kuondoka mara tu unapotoa mkono, jino li hai. Maumivu yakibaki na kumsumbua kwa muda, kiini, yaani nyama laini iliyo ndani ya jino, kinaumwa. Akikaa kimya, andika "kimya", usiandike "limekufa". Kipimo hiki kinapima fahamu ya jino, yaani mshipa wake wa hisia, hakipimi damu, na jino linaweza kuwa na damu yake kamili huku fahamu imelala. Meno ya watoto ambayo ncha za mizizi hazijafunga huwa makaidi kujibu. Ya wazee, ambayo njia zake ndani zimekuwa nyembamba, vivyo hivyo. Gego lenye mizizi miwili huweza kuwa na mzizi mmoja uliokufa na mwengine hai, likakupa jibu la ovyo ovyo. Rudia siku nyengine. Kama kituo chako kina kipima cha umeme, paka dawa ya meno kidogo kwenye ncha yake ipitishe umeme, na usiihangaikie namba inayosomeka: unachotaka ni ndiyo au hapana.

Aliwahi kuletwa kwangu kijana mvuvi wa Kojani, taya la chini kushoto limetuna, kivuli kimeanzia chonge mpaka gego kubwa la pili. Alikotoka alishaambiwa meno matano yote yatoke, na mama yake alishalia hadi machozi yamekauka. Barafu ikasema mambo mengine: manne yalijibu sawasawa na pacha zao. Lililokuwa kimya ni gego dogo la pili, limevunjika siku nyingi na limetoboka mpaka ndani. Mzazi wa sisti alikuwa huyo mmoja. Wale wanne walikuwa majirani tu, nyumba yao imeingiwa na maji.

Na hili nalo lishike: ikiwa meno yote yaliyomo kivulini yamejibu na hakuna lililooza wala kuvunjika, usikubali haraka kwamba ni sisti ya jino bovu. Sisti hiyo huota kwenye ncha ya jino lililokufa. Bila ya jino lililokufa, kivuli kina asili nyengine. Huenda ni sisti inayolizunguka gego ambalo halijaota. Huenda ni ile yenye utando wa kutoa magamba meupe, ambayo ina tabia ya kurudi. Huenda si sisti kabisa bali ni ameloblastoma, uvimbe unaokula taya, na kwetu Afrika si wa kuupuuza. Hapo swali linakuwa taya kwanza, meno baadaye.

Kuna kivuli kimoja kinachonikera kwa namna kinavyowaponza watu. Mama wa makamo, meno ya mbele ya chini, vivuli vidogo kwenye ncha za mizizi, haumwi na chochote, na meno yote yanajibu baridi. Mara nyingi ni mfupa wenyewe uliobadilika umbile, jambo linalowapata zaidi wanawake weusi wa umri huo, na halihitaji kisu wala kutobolewa jino. Lakini wapo waliozibwa mizizi ya meno manne mazima kwa sababu ya picha tu, barafu haikuguswa.

Maji na kinyama

Kabla ya kufungua, mpasuaji huvuta maji kwa sindano nene baada ya ganzi. Maji ya manjano yenye vimeremeta vya mafuta yanaelekea kwenye sisti ya kawaida. Ukitoka uji mzito mweupe, fikiria ile inayorudi. Ikitoka hewa, huenda sindano imeingia kwenye uwazi wa shavuni. Ikiwa hakitoki kitu, ama pana uwazi mtupu au pana nyama ngumu. Na ikijaa damu mbichi inayokuja kwa nguvu, kazi inasimama hapo hapo: hapafunguliwi dirisha kitini, mgonjwa anakwenda penye vipimo vikubwa na damu ya akiba.

Kinyama cha ukuta wa mfuko lazima kipimwe. Kiweke kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia nyama isioze) ya asilimia 10, kiasi cha mara kumi ya kinyama chenyewe, si kwenye spiriti wala maji ya chumvi. Jina liandikwe kwenye chupa, usiliandike kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Chupa inayovuka bahari ifunge kwa plasta na uitie kwenye mfuko wa pili. Na jibu lake lifuatilie mwenyewe kwa simu.

Dirisha

Ninayoyaeleza hapa ni yale ninayoyaona nikiwa nimeshika kioo na mpira wa kufyonzea. Palipo na usaha na homa, kwanza usaha hutolewa na mgonjwa hutulizwa. Kisha mpasuaji huchagua mahali ambapo mfupa umekwisha kuwa mwembamba, mbali na ncha za mizizi iliyo hai na mbali na mshipa wa fahamu unaotokea kidevuni. Wewe uliyepima barafu ndiye unayemwambia mizizi ipi ni ya kuikwepa, kwa hivyo karatasi yako iwe mezani, si mfukoni. Kama lipo jino lisilookoka, shimo lake baada ya kung'olewa huwa ndilo dirisha bora. Kwa mtoto mwenye gego dogo lililozuiwa na sisti chini ya jino la utoto lililooza, kung'oa lile la utoto na kufungua mfuko hapo hapo mara nyingi hulipa jino la chini nafasi ya kupanda lenyewe. Kulitoa jino hilo pamoja na sisti kwa sababu tu limelala upande ni hasara, maana mzizi ambao haujamaliza kukua bado una nguvu ya kulisukuma.

Dirisha hukatwa upana wa sentimita moja hivi, kipande cha ukuta kikaenda kwenye chupa, na maji yakatoka. Kisha ama ukingo wa mfuko hushonwa kwenye ufizi ili mlango ubaki wazi, au hutiwa kipande cha mpira. Mpira wa kulishia wagonjwa puani, uliokatwa urefu wa sentimita mbili au tatu, unafaa sana. Hushonwa kwa uzi wa hariri au hufungwa kwa waya kwenye jino la jirani. Hakikisha mgonjwa akiuma meno hauguswi. Ukiguswa, hautomaliza wiki.

Jino lililokufa hutibiwa mzizi kipindi hiki. Usishangae likitoa maji ya manjano na kukataa kukauka. Ndiyo sisti inayomwagikia humo. Subiri dirisha lifanye kazi, kisha uzibe. Yale hai usiyaguse.

Kuosha

Asilimia kubwa ya mafanikio ni hii kazi ya nyumbani, na ndiyo inayodharauliwa. Mgonjwa huosha ndani ya mpira mara mbili au tatu kwa siku kwa sindano ya mililita 20 isiyo na ncha ya chuma. Maji: nusu lita iliyochemshwa, kijiko cha chai kimoja cha chumvi kisichofurika, yaachwe yapoe. Klorohexidini, dawa ya kuulia vijidudu vya kinywani, ikipatikana ni sawa kwa siku za mwanzo, lakini hupaka meno rangi, nami rangi ya meno nitaihitaji baadaye. Asiruhusiwe kuondoka kituoni mpaka aoshe mwenyewe mbele ya kioo nawe unatazama. Maneno "nimefahamu daktari" hayatoshi, watu wetu wana adabu na hawapendi kukuvunja moyo.

Mkate wa ufuta aupumzishe, kwani mbegu huingia shimoni na kuoza. Miwa na kashata vilevile, kwa sababu nyengine: taya la chini lililoliwa sana na sisti linaweza kuvunjika kwa kutafuna tu. Asipigane, asicheze mpira wa kugombania.

Maisha ya mtu yapange pamoja naye. Mvuvi anayekwenda dago hukaa kambini wiki kadhaa. Yule kijana wa Kojani tulimfungia sindano, chumvi iliyopimwa kwenye vifuko na kioo kidogo, na tukamwonesha nahodha wake la kufanya mpira ukichomoka. Msimu wa karafuu usimpe mtu miadi ya asubuhi ukategemea atakuja. Familia nzima iko mikarafuuni. Mpe siku ya kupeleka karafuu kuuza, maana siku hiyo lazima aje mjini. Na Ramadhani ikiingia, panga kuosha baada ya futari, kabla ya kulala na baada ya daku. Suala la kuosha mchana amuulize sheikhe wake, mimi sina fatwa, lakini mara tatu za usiku zinatosha.

Mpira ukichomoka arudi upesi, siku hiyo au ya pili, kwa sababu mlango huziba haraka kuliko watu wanavyodhani. Akivimba chini ya ulimi, akashindwa kumeza au kupumua vizuri, au akapata homa kali, asisubiri miadi: hospitali, usiku huo huo.

Mfupa ukisharudi

Maji yakishatoka, presha ndani ya mfuko hushuka, mfuko hunywea na mfupa huanza kujijenga kutoka pembeni kuja kati. Piga picha baada ya miezi 3, kisha miezi 6, kwa pembe ile ile ya mwanzo, na kila mara rudia barafu kwenye karatasi ile ile. Unachokitafuta kwenye picha ni weupe wa mfupa kati ya ncha za mizizi na uwazi uliobaki. Wengi hufika hapo kati ya miezi 6 na mwaka, watoto mapema zaidi. Mgonjwa atachoka na wewe utachoka. Mwoneshe picha mbili ubavu kwa ubavu, hilo humpa moyo kuliko hotuba.

Ndipo mabaki ya mfuko huondoshwa. Mpasuaji mzuri namjua kwa mambo mawili. Ufizi anaufungua kwa upana, ili kingo za jeraha zikalale juu ya mfupa mzima na si juu ya shimo. Na kijiko chake cha kubandulia hukigeuza: bonde lake linaangalia mfupa, mgongo unausukuma mfuko, kisha gozi lililolowa linamalizia. Penye ncha za mizizi hai huja mwisho, polepole, bila ya kukwangua. Kama jibu la maabara lilisema ni sisti ya kawaida, anaweza kuwa mpole hapo. Kama ni ile inayorudi, hawezi; utando wake ukibaki kidogo tu huanza upya, na jino moja au mawili huenda yakalipa. Mgonjwa aambiwe hili kabla, kwa lugha yake, na mgonjwa wa aina hiyo atafuatiliwa kwa picha miaka mingi, si chini ya mitano.

Baada ya operesheni karibu kila mtu hunijia na hofu: meno yamekufa ganzi, barafu haihisiwi. Ni kawaida. Fahamu iliyotikiswa huchukua miezi kurudi, na nyengine hairudi ilhali damu ipo. Usitoboe jino kwa sababu ya ukimya peke yake. Ngoja zipatikane dalili mbili au zaidi: ukimya pamoja na rangi ya kijivu, au kipele cha usaha kwenye ufizi, au maumivu ukiligonga, au kivuli kipya kinachokua kwenye ncha ya mzizi. Kwa wanaotafuna tambuu rangi ya nje haisemi kitu. Lisafishe jino kwanza, kisha limulike kwa taa kutoka nyuma na ulilinganishe na jirani yake. Likiwa kimya mwaka mzima lakini rangi yake ni ile ile, haliumi, na picha inaonesha mfupa unajaa, liache na uliandikie tarehe nyengine ya kupimwa.